Visu vya mkono: nilivyofanya kila kimoja kishike makali sawa

Anayeagiza kisu cha kutengenezwa kwa mkono hataki kifanane na cha mwenzake. Anataka urefu wake, mpini unaoenea kiganja chake, pengine herufi za jina lake. Ila ubora anautaka uleule aliouona kwa rafiki yake aliyemwelekeza kwangu. Kazi ilinibana hapo. Visu viwili vimekatwa kwenye bapa moja la chuma. Kimoja kinafanya kazi jikoni muda mrefu bila kuguswa kinoo, kingine makali yanalala baada ya siku chache. Ukiviweka mezani, kwa macho huvitofautishi.

Nilianza na chuma chenyewe. Springi za magari mabovu mara nyingi ni chuma kizuri, lakini huwezi kujua kila moja ina kaboni kiasi gani, na zilizobeba mizigo miaka mingi huweza kuwa na nyufa ndogo zisizoonekana. Nikaachana nazo. Sasa natumia 1084 peke yake, chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.84 na mchanganyiko mchache wa vitu vingine, kwa hiyo hakihitaji tanuru la kifahari. Vipo vyuma vinavyotunza makali kuliko hiki, sibishi. Mimi naona karakana ndogo inafaidika zaidi na chuma kimoja inachokijua tabia zake zote.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa joto. Wengi tumefundishwa kutumia sumaku: chuma kikiacha kuvutwa, kitie kwenye mafuta kipoe ghafla na kukaza. Sumaku haidanganyi, ila inaishia njiani. Chuma huacha kuvutwa kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi, ilhali 1084 inataka takriban 815 ndipo kaboni isambae vizuri ndani yake. Visu vyangu vilikuwa vinaachana katikati ya namba hizo mbili. Rangi ya moto nayo si ya kutegemea, kwa sababu wekundu uleule mchana mlango ukiwa wazi unaonekana hafifu, na gizani unaonekana mkali. Nikafunga kipimajoto cha waya kinachostahimili tanuru, ncha yake ikakaa jirani na kisu, si ukutani. Mafuta nayapasha hadi nyuzi 50 hivi kabla ya kisu cha kwanza, maana yakiwa baridi huwa mazito na hayanyonyi joto upesi. Yakipata moto kupita kiasi baada ya visu kadhaa, nasubiri.

Kila mara natupia humo tanurini kijipande cha bapa lilelile. Kinapata moto uleule na mafuta yaleyale, kisha nakibana kwenye jiliwa na kukivunja kwa nyundo. Pale kilipovunjika ndipo pana habari zote. Nikiona kijivu kilichotulia, chembe ni ndogo na chuma kiko imara. Nikiona kunametameta kama chenga za sukari, joto lilizidi, na visu vya mkupuo huo narudi kuvipasha upya hata kama kwa nje vimenyooka vizuri.

Tupa nayo naipitisha kwenye kila kisu kupima ugumu, ikiteleza bila kung'ata chuma kimekaza, ila kwanza nasugua ile ngozi ya juu. Kaboni ya juujuu huungua tanurini, hivyo tupa inaweza kung'ata hapo wakati ndani chuma ni kigumu kabisa. Baada ya hapo kisu kinaingia kwenye oveni, nyuzi 200, saa mbili, kinapoa, kinarudi saa mbili nyingine, ili ugumu upungue kidogo kisiwe cha kuvunjika. Oveni hupanda na kushuka kila inapojiwasha na kujizima, kwa hiyo visu nimevizika kwenye sinia ya mchanga pamoja na kipimajoto. Mchanga unatuliza yale mawimbi.

Kwenye kusaga ndipo panahitaji uaminifu. Kisu kikishakazwa, nasaga bila glavu na ndoo ya maji iko pembeni. Vidole vikihisi moto, nachovya. Mkanda wa msasa uliokwisha makali nautupa mapema, kwa sababu haukati tena, unachoma tu. Makali yakishika rangi ya manjano au kahawia, mahali hapo pamezidi joto la oveni na chuma kimelegea. Rangi hiyo unaweza kuifuta kwa msasa na mnunuzi asijue chochote. Ulegevu unabaki. Mimi nasaga hadi nipite sehemu hiyo, kisu kikipungua upana na kikipungua.

Unene naupima kwa vernia. Kabla ya kunoa, nyuma ya makali ya kisu cha jikoni nataka milimita 0.4, karibu na mpini, katikati, na karibu na ncha. Kabla ya kusaga nachora mstari wa katikati: nalaza kisu kwenye bamba lililonyooka, nachukua biti ya drili yenye kipenyo sawa na unene wa chuma, naiburuta ncha yake kwenye ukingo, kisha nageuza kisu na kurudia. Hata biti ikikosea kidogo, inapatikana mistari miwili inayokaribiana, na katikati yake ndiyo ya kufuata.

Mwisho nabonyeza makali taratibu juu ya ufito wa shaba ya manjano. Yakipinda kidogo na kurudi, kisu kinatoka. Yakimeguka, kinarudi kwenye oveni kwa joto la juu kidogo. Yakibaki yamepinda, kinarudi tanurini kuanza upya.

Namba zote naziandika kwenye daftari kwa kila kisu. Mteja akitaka cha pili kama cha kwanza, nafungua ukurasa wake. Kitu kimoja tu namwambia mapema kwamba hakitafanana, nacho ni mistari ya mti kwenye mpini. Hiyo namletea vipande, anachagua mwenyewe.