Rodi sawa, ila hela yako iweke kwenye rili

Toka nianze kuonekana Kigamboni na rodi ya flai, yaani fimbo ya kuvulia samaki kwa ndoano ya manyoya, watu wananiuliza sana, na swali ni lile lile, kaka ninunue rodi gani, rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, hakuna anayeiuliza. Na mi nilianza hivo hivo, kwa hiyo ntaeleza yaliyonikuta manake hela ya mtu inauma.

Kwa asiyejua, kwenye uvuvi tuliouzoea chubwi ndo inavuta mshipi uende mbali. Kwenye flai hakuna chubwi, ni kindoano kimefungwa manyoya, chepesi kabisa, so mshipi wenyewe ndo unakuwa mzito na ndo unaobeba ndoano. Zile namba kwenye rodi ni za uzito wa mshipi, futi 30 za mwanzo: namba 5 ni gramu 9 hivi, namba 8 ni 13 na nusu, namba 12 inakaribia 25. Ukiweka mshipi wa 5 kwenye rodi ya 9 rodi haipindi, na isipopinda hairushi kitu.

Mi nilinunua namba 5 sababu video zote zilisema anza na 5, kumbe wale wanavua trauti, samaki wa mtoni, kwenye mito ya baridi huko kwao. Siye tuna upepo bana. Nikisimama ufukweni nimeielekea bahari, kusi inanipiga bega la kulia, na ndo mkono ninaorushia, basi mshipi wote unaletwa kichwani na ndoano inapita jirani na sikio (vaa miwani, tafadhali). Kaskazi ina nafuu, inatokea kushoto. Nikahamia namba 9, futi 9, vipande vinne, inakaa kwenye begi hata kwenye pantoni humbughudhi mtu. Kwa samaki wadogo wadogo 8 inatosha, chini ya hapo kwa pwani yetu simshauri mtu, na kama unawawinda kolekole wakubwa kwenye miamba ya nje hapo ni 12.

Sasa rili. Wale wa trauti wanasema rili ni ya kutunzia mshipi tu, na kwao ni kweli, samaki mdogo unamvuta kwa mkono yakaisha. Nikaamini, nikachukua rili ya bei chee kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeniapia kuwa ni ya maji chumvi. Miezi mitatu. Asubuhi moja kolekole akapiga, sio mkubwa sana, akaondoka na mshipi mita kama ishirini hivi, halafu breki ya rili, ile inayoachia mshipi kidogo kidogo samaki akivuta, ikang'ang'ania, ikaachia, ikang'ang'ania tena, pah, kwisha. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Kuna mzee anavuaga hapo kwa mshipi wa mkono, alikuwa ananiangalia.

"Umemkaza, mwanangu."

"Sijamkaza mzee, rili ndo imegoma."

Akanyoosha mkono, akanipitishia mshipi wake kwenye kidole cha shahada, akarudi nyuma hatua kadhaa akawa ananivuta yeye kama samaki. "Mpe. Mpe. Sasa mshike. Mpe tena." Kidole chake kina mfereji, nailoni imekichimba miaka na miaka, na ile namna alivyokuwa anaachia, taratibu bila kushtuka, aisee, ndo breki ya rili inavyotakiwa kufanya. Kazi yote ya rili ni kuwa kidole cha yule mzee.

Nyumbani nikaifungua juu ya gazeti. Ndani chumvi nyeupe kama unga wa muhogo, beringi imekuwa kahawia, inazunguka kwa kukwaruza.

Kwa hiyo ukiwa na hela ya kugawa, rodi ya kati inatosha, kubwa mpe rili. Tafuta yenye breki iliyozibwa, maji yasiingie kabisa. Bodi iwe aluminiamu iliyochongwa kutoka bonge moja na kupigwa anodaizi, ile ngozi ngumu ya kuzuia chumvi isiile, zile za kumiminwa kwenye kalibu zikidondoka kwenye mwamba zinapasuka. Ile ngoma ya mshipi iwe pana, unakusanya haraka samaki akigeuka kukufuata, na ibebe mita 200 za mshipi wa akiba chini ya ule mzito. Ukiwa dukani kaza breki kiasi, vuta mshipi polepole ukiwa umefumba macho, ukisikia inashtuka pale mwanzo irudishe, hapo pa kushtuka ndo samaki anapokatia.

Na mshipi nao ununue wa nchi za joto. Wa maji baridi juani kwetu unalainika kama tambi, unagandia kwenye pete za rodi, we unadhani hujui kurusha.

Ukirudi suuza kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi, mwagia taratibu, usipige kwa presha unaisukumia chumvi ndani, na legeza breki kabla hujaihifadhi. Mi natumia ndoo na kata, dakika tano.

Jumamosi hii ni bamvua, maji yanaanza kujaa kama saa tano asubuhi. Ntakuwepo upande wa Mjimwema, rili mpya ninayo, ukiniona njoo uvute mshipi usikie mwenyewe inavyoachia.