Treni ya Watu Wasioziamini Timu Zao

Mzee alikuwa na redio ya betri ndogo kama kiganja, antena imevutwa hadi mwisho, waya mmoja umeingia sikio la kushoto. Sikio la kulia alikuwa amelibakiza kwa ajili ya matangazo ya treni. Kila baada ya dakika mbili tatu alikunja uso kama mtu anayesumbuliwa na jino. Nikadhani amepata habari mbaya kutoka nyumbani, nikampa pole.

"Bado, dada," akanijibu. "Hao ni wengine. Sisi msiba wetu unaanza kesho."

Tulikuwa kwenye foleni ya Union Station, Chicago, usiku wa Alhamisi, Oktoba 6, 2016. Nilikuwa naelekea Worcester, Massachusetts, kwa dada yangu, na nilichagua treni kwa sababu ya mizigo: begi kubwa pamoja na mfuko wa vitenge. Treni yenyewe inaitwa Lake Shore Limited. Inaondoka Chicago saa tatu na nusu usiku, inapita Cleveland alfajiri, kisha inakatiza jimbo la New York mchana kutwa. Ikifika Albany inakatwa vipande viwili, kimoja kinakwenda New York na kingine Boston.

Miezi minne niliyokaa Chicago nilikuwa nimefaulu kuikwepa besiboli. Nilijua tu kwamba timu moja ya hapo inaitwa Cubs, kwamba ilichukua ubingwa kwa mara ya mwisho mwaka 1908, na kwamba watu walikuwa wameanza kupeperusha bendera nyeupe zenye herufi W, ya "win", yaani ushindi, madirishani. Mzee alikuwa na kofia yao, ya buluu iliyopauka mpaka kukaribia kijivu. Nikamwambia nimesikia timu yake ina mwaka mzuri.

"Ushindi mara 103," akasema, kwa sauti ya daktari anayesoma majibu. "Hatujafikisha mia tangu 1935. Ndiyo maana sina raha."

Mimi nimekulia Dar es Salaam. Kwetu wiki ya Simba na Yanga hata muuza kahawa anatamba, na aliyefungwa tatu wiki iliyopita ndiye mwenye sauti kubwa zaidi kijiweni. Sikuwa nimewahi kumwona shabiki ambaye timu yake imeongoza nchi nzima naye anaongea kama mfiwa. Nikakaa naye kiti kwa kiti, na hapo ndipo usingizi wa safari ulipopotea.

Ng'ambo ya njia alikaa mama mmoja wa Boston, anarudi nyumbani kutoka kwa binti yake, amevaa koti jekundu lenye namba 34. Ni namba ya David Ortiz, mpigaji wao mwenye miaka 40, aliyekuwa ametangaza kwamba huo ndio mwaka wake wa mwisho na bado akapiga mipira 38 ya kuvuka uzio, ile wanayoiita houmurani. Kwenye redio ya mzee, Boston walikuwa ugenini Cleveland, mechi ya kwanza kati ya tano. Anayewahi tatu anasonga mbele. Kabla hatujapanda, Cleveland walikuwa wameshapiga houmurani tatu ndani ya zamu moja kati ya zamu tisa za mechi, zote kwa Rick Porcello, mrushaji wa Boston aliyeshinda mechi 22 msimu huo. Mama akatikisa kichwa.

"Nilijua. Tumefunga mikimbio 878, ndiyo mabao yetu hayo, hakuna timu iliyofika hapo mwaka huu. Mwaka wa namna hiyo lazima udaiwe."

Taa za Chicago zikabaki nyuma, redio ikaanza kukwaruza, tukahamia kwenye simu ya mama. Mrushaji mmoja mrefu wa Cleveland, Andrew Miller, aliingizwa zamu ya tano. Kumbe hilo lilikuwa jambo. Mrushaji wa akiba mwenye kiwango kile huwekwa mpaka mwishoni, kama mpishi anavyoficha nyama nzuri kwa ajili ya wageni wa jioni. Kocha wao, Terry Francona, akaitoa mapema.

"Miller tulikuwa naye sisi," akasema mama. "Francona naye tulikuwa naye sisi. Ndiye aliyetupa 2004 na 2007."

"Na Theo Epstein aliyemwajiri huyo Francona," mzee akadakia, "sasa tunaye sisi. Na Jon Lester wenu kesho anatuanzia mechi."

Nikawatazama. Ilikuwa kama ugomvi wa mirathi: mji huu umeolewa na yule, vyombo vimehama, na kila mtu anakumbuka sufuria lilikuwa la nani. Tulikuwa bado Indiana, kabla ya South Bend, mechi ikaisha, Cleveland 5, Boston 4. Mama akazima simu, akajifunika koti lake jekundu hadi usoni.

Cleveland tulifika bado giza. Stesheni yao ni ndogo, iko chini karibu na ziwa, ukiilinganisha na Union Station utadhani kibanda cha kukatia tiketi. Akapanda kijana mwenye macho mekundu. Alikuwa uwanjani usiku ule, hakulala, na alikuwa anawahi kazi Syracuse. Akaona koti la mama, akasita, kisha akakaa mbele yetu.

"Leo mtatufunga," akasema, bila hata salamu. "Mna David Price anarusha."

"Price?" Mama akaketi wima. "Price hajawahi kushinda mechi ya mchujo aliyoianza. Hata moja! Tumempa mkataba wa dola milioni 217. Nyie mna Kluber."

"Kluber alikuwa anaumwa paja juzi tu. Carrasco kavunjika mkono. Salazar hayupo. Brantley bega. Tumebaki na nani?"

"Mlishinda 14 mfululizo kuanzia Juni."

"Ndiyo, na Juni hiyohiyo Cavaliers wakachukua kombe la kikapu. Mji wetu ulikuwa haujapata kitu tangu 1964. Mara mbili kwa mwaka mmoja? Haiwezekani. Tangu 1948 tunangoja hii ya besiboli, tutangoja tena."

Basi wakaanza kushindana kwa misiba. Mzee akatoa 1945, mara ya mwisho Cubs kufika fainali: alikuwa na miaka 8, na mwenye baa mmoja akazuiwa uwanjani na mbuzi wake, akailaani timu. Akatoa 2003, walipobakiza watu watano tu kuwatoa nje ili waingie fainali, shabiki mmoja akanyoosha mkono kuudaka mpira, na kila kitu kikaporomoka. Baba yake mzazi, aliyezaliwa 1910, alikufa bila kuuona ubingwa. Kijana akajibu na 1997, walipokaribia kabisa wakashindwa mechi ya saba. Mama akafungua mdomo atoe la kwake, wote wawili wakamgeukia.

"Wewe nyamaza. Mmechukua mara tatu tangu 2004."

Akanyamaza. Nilimwonea huruma kidogo, amefukuzwa matangani kwa sababu ya kuwa na bahati.

Buffalo tulinywa kahawa ya behewa la vitafunio, ambayo sitaielezea. Mjadala ukageukia nani akutane na nani. Mzee hakuwa anawaogopa waliokuwa bora. Alikuwa anawaogopa San Francisco, waliopenya kwa ushindi mara 87 tu. Wao walitwaa ubingwa 2010, 2012 na 2014. "Mwaka huu ni wa ngapi? Hesabu mwenyewe." Na juzi yake, kwenye mechi moja ya mtoano New York, Madison Bumgarner alirusha zamu zote tisa bila kuruhusu mkimbio. Mzee alilitaja jina hilo kwa sauti ya chini.

Lakini kilichowasha moto ni mechi ya Jumanne, Baltimore na Toronto. Ikaenda hadi zamu ya 11, sare, anayefungwa anarudi nyumbani. Baltimore walikuwa na Zach Britton, mrushaji wa kumalizia mechi, ambaye mwaka mzima alikabidhiwa mechi 47 azilinde akazilinda zote 47. Kocha Buck Showalter alimwacha benchi, akimweka kwa ajili ya muda ambao Baltimore wangekuwa mbele. Muda huo haukufika. Edwin Encarnación akaupiga mpira jukwaani, mikimbio mitatu, msimu ukaisha na Britton hajagusa mpira.

Hili nililielewa bila mkalimani. Nimeshawahi kuona fundi anamaliza dakika tisini akipasha misuli. Nikasema yule kocha kakosea, na ghafla sikuwa mgeni tena. Mzee peke yake alimtetea: ugenini unamweka mlinzi wako wa mwisho, ndiyo kanuni, na kama angemtumia mapema wakafungwa baadaye mngemtukana vilevile. Kijana akasema kanuni haichezi mpira, mtazame Francona na Miller usiku wa jana. Mama akasema Francona alijifunzia Boston. Tukaanza upya. Rochester ilipita, sikuiona.

"Fainali yao wanaiita ya Dunia," nikachokoza, "wakati mnacheza nyumbani peke yenu."

"Na Toronto ya Kanada je?" wakajibu watatu kwa pamoja. Ndiyo mara pekee waliyokubaliana.

Kabla ya kushuka Syracuse kijana alisema, nadhani kwa utani, kwamba fainali ingekuwa Cubs na Cleveland. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mama akamwambia akalale.

Albany treni ikakatwa. Mzee alikuwa wa upande wa New York, kwa mjukuu wake. Akakunja antena na kunipa mkono. "Leo tunacheza usiku. Usilale kabla ya zamu ya nane. Cubs hawafanyi jambo mapema."

Tulibaki wawili. Kuanzia Pittsfield reli inapanda vilima, miti imegeuka rangi ya manjano na ya kutu, mto unakuja upande huu na upande ule, na simu ya mama inapoteza mtandao kila kwenye kona. Kwenye kona moja ikarudi na habari: Lonnie Chisenhall, houmurani ya mikimbio mitatu, aliyerusha ni Price. Mama hakusema kitu. Alikuwa na tiketi ya mechi ya tatu, kwenye uwanja wao wa Fenway, Jumapili. "Nakwenda kumuaga Ortiz," alisema Springfield, kana kwamba nimemuuliza. Mechi ile ya Price waliipoteza 6-0.

Dada yangu alinipokea kwa wali na kuku, akataka habari za nyumbani. Nilimpa kwa mafungu, jicho kwenye televisheni. Wrigley, uwanja wa Cubs, ulikuwa na upepo unaorudi ndani, Lester anarusha, Johnny Cueto wa San Francisco anarusha, sifuri kwa sifuri. Dada akaenda kulala, akarudi kunywa maji, akanikuta palepale. Zamu ya nane Javier Báez akaupiga mpira juu upande wa kushoto, upepo ukaurudisha, mdakaji akarudi nyuma mpaka ukutani na kunyoosha mkono, na mpira ukatumbukia kwenye kile kikapu cha waya kilichozunguka juu ya ukuta wao. Moja bila.

Nilipiga ukelele.

"Una nini wewe?" dada akauliza.

"Kikapu," nikasema.