Siku ya vipande vitatu vya plastiki

Saa 12 asubuhi. Kwingine kumekucha, Kigoma bado giza. Tuko magharibi mno, jua hutuchelewea karibu dakika arobaini kuliko Dar es Salaam. Natoka na tochi wakati mitumbwi ya dagaa inarudi ufukweni Kibirizi. Mkobani nina vipande vitatu vya plastiki ya kijivu, nilivyobandua jana kwenye kioo cha TV mbovu nilichopewa na fundi wa mtaa wa Mwanga. (Ndiyo, nilikwenda Mwanga kutafuta mwanga. Wanafunzi wamechoka na utani huu.)

Saa 1:30, mstarini. Turuke.

Saa 3, fizikia, kidato cha sita. Swali la kila mwaka: "Madam, tukipata mashine nzuri zaidi, si tutapima mahali na mwendo wa elektroni kwa pamoja?" Nalaumu ule mfano usemao kwamba ukiiangalia elektroni, nuru huigonga kama gololi na kuisukuma, kana kwamba kosa ni la mashine tu. Mwanafizikia Heisenberg mwenyewe aliutumia mwaka 1927, mwenzake Bohr akambishia. Septemba mwaka huohuo, mjini Como, Italia, Bohr akaeleza kwamba kuna vipimo vinavyokamilishana, lakini kupima kimoja kunafunga mlango wa kingine.

Natoa plastiki. Cha kwanza kinapitisha nuru inayotikisika wima. Cha pili nakiweka mbele yake, nimekilaza kipitishe ya mlalo tu: giza. Cha tatu nakipenyeza katikati, kwa nyuzi 45, na mwanga unarudi! Darasa zima likapiga kelele. Umeongeza pazia, chumba kimeng'aa?

Fotoni, yaani chembe moja ya nuru, iliyopita cha kwanza, ukiiuliza "wima au mlalo?", itajibu wima kila mara. Cha kati kinauliza jingine: umeinamia huku au kule? Hapo haina jibu. Nusu zinapita, nusu zinakwama, kwa bahati tu. Zilizopita zina jibu jipya, na lile la wima limefutika. Ndiyo maana nusu yake inapenya hata cha mwisho. Kihesabu, sehemu moja kati ya nane ya nuru ya mwanzo.

Kijana wa nyuma akanyoosha mkono. "Lakini Madam, hata mawimbi ya kawaida yanatoa hesabu hiyohiyo."

Kweli tupu. Nikakwama.

Saa 4:30, chai na mihogo. Sikuonja ladha.

Saa 6 nikamwita. Wimbi linaweza kupita nusu, nikamwambia, fotoni haigawanyiki. Ukizituma mojamoja, kila moja inapita nzima au haipiti kabisa, na hakuna ajuaye mapema ipi itapita. "Tuzitume basi," akasema. Maabara yetu haina kifaa hicho. Alikubali kwa shingo upande, na simlaumu.

Saa 10:30 jioni, Kibirizi. Ziwa linaumiza macho. Nuru inayorudi kutoka majini hutikisika zaidi kwa mlalo, nikasimamisha kipande changu na mng'ao ukatoweka. Mawe ya chini yakaonekana. Mama mmoja aliyekuwa akianua dagaa akakiomba. Akakizungusha polepole, jicho moja kalifumba.

"Linawaka," akasema. "Linazima. Mwanangu, hiki unauzaje?"