Siku ya ishirini na moja

Juni 2019 nilikuwa na vifaranga chotara 100 kwenye chumba cha uani, hapa Mafinga, Iringa. Bruda (sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto) niliizungushia mabati, chini nikamwaga maranda (hayo kwetu hayana shida, mbao za Sao Hill zinapasuliwa kila kona), katikati chungu cha mkaa. Usiku nilikuwa naamka mara tatu, nne, kuchochea. Nikiwakuta wamekizonga chungu, najua baridi imewashika. Nikiwakuta ukingoni wanahema midomo wazi, napunguza mkaa.

Wiki ya tatu nikachoka. Chumba kinanuka, vumbi limefika hadi kwenye vyombo, na gunia la mkaa linaisha kama limetoboka. Dada yangu wa Mbagala, Dar es Salaam, aliyeanza kufuga kabla yangu, akaniambia kwenye simu, "Siku ya ishirini na moja watoe, mdogo wangu. Mimi natoa wote, hafi hata mmoja." Nikaizungushia tarehe kalamu nyekundu.

Siku yenyewe ikaja na jua zuri. Niliwabeba kwa boksi hadi bandani, na mchana kutwa niliacha kazi nikae niwaangalie. Walichakura, wakaoga mchanga, wengine wakalala ubavu na bawa moja wamelinyoosha juani. Adui niliyemfikiria ni mwewe, basi juu nikatandaza wavu, nikajiona mjanja. Jioni nikashusha viroba upande wa upepo, nikaenda kulala usingizi wa kwanza wa maana tangu niwanunue.

Alfajiri nilishtushwa na ukimya. Vifaranga hawanyamazi. Nilipofungua nikawakuta wote kwenye pembe moja, wamepandana kama viazi kwenye gunia. Wa juu walikuwa hai, wanatetemeka. Nikaanza kuwaondoa mmoja mmoja, na kadiri nilivyoshuka ndivyo walivyokuwa wamelegea. Wa chini kabisa walikuwa bapa, manyoya yamelowa, na bado wana joto. Hilo joto ndilo lililoniliza. 34.

Jirani yangu, mama wa Kihehe aliyefuga tangu usichana wake, alikuja na salamu yake ya "kamwene", akaona, hakunipa pole kwanza. Akamchukua mmoja aliye hai, akamgeuza, akampuliza mgongoni. Mabawa yalikuwa na manyoya kamili. Mgongoni na chini ya shingo malaika matupu (vile vinyoya laini vya kuzaliwa navyo), ngozi ya pinki inaonekana.

"Huyu umemtoa uchi, mama. Nani kakuambia uhesabu siku?"

Tukawarudisha kwenye bruda. Akanikatia maboksi tukaziba pembe, chumba kikawa duara, wasipate pa kukandamizana. Kuanzia hapo niliwatoa saa tano, nikawarudisha saa tisa, mkaa nikaupunguza kidogo kidogo, na kila Jumapili nilipuliza migongo. Walilala nje wakiwa na wiki saba. Julai hiyo maji ya kwenye ndoo ya nje asubuhi yalikuwa yanauma vidole, lakini hakufa mwingine.

Dada alipiga siku ileile ya msiba. "Umewatoa?"

"Nimewatoa."

"Si nilikuambia?"

Nikamuuliza, "Dada, usiku huko unajifunika nini?"

Akacheka. "Kujifunika? Joto hili? Kanga tu, na yenyewe naitupa."

Mimi nilikuwa nimejifunika mablanketi mawili.