Kompyuta Iliyozimika Kila Ilipotulia

Kishale kilikuwa kinatembea vizuri tu. Nilikipeleka juu, kikaenda, nikakishusha, kikashuka. Lakini kila nilichobofya hakikuitika. Nilipojaribu kuhifadhi sura ya tatu ya tasnifu yangu, programu ikanijibu kwamba mahali pale pa kuhifadhia ni pa kusoma tu. Muda si mrefu skrini ikaganda, kisha mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe, na mahali pa picha niliyoizoea yakatokea maandishi meupe kwenye giza: hakuna diski ya kuanzia.

Kompyuta mpakato ile ilikuwa haijatimiza hata mwezi tangu niitoe kwenye boksi. Nilijinyima miaka miwili ili niipate. Nakumbuka nilivyokaa nikiyatazama maandishi yale, mikono imeniishia nguvu.

Nikashikilia kitufe cha kuwashia mpaka ikazimika kabisa, nikasubiri, nikaiwasha tena. Diski ikarudi, na faili zangu zote zilikuwapo isipokuwa aya mbili za mwisho.

Hiyo ilikuwa Mei 2017. Asubuhi ya siku ileile nilikuwa nimeruhusu sasisho la mfumo. Nilikuwa natumia mfumo wa Linux, na miongoni mwa vilivyoingia ilikuwamo kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa, toleo la 4.11 lililotolewa mwishoni mwa Aprili. Kabla ya hapo mashine haikuwahi kunisumbua. Baada ya hapo ilizimika mara nne kwa siku mbili.

Nilimpigia kaka yangu, ambaye kazi yake ni kutunza seva. Swali lake la kwanza halikuhusu mashine hata kidogo.

"Kazi yako umeinakili mahali pengine?"

"Bado, kaka."

"Basi kata simu, nakili kwanza, ndipo unipigie."

Nikanakili kila kitu kwenye flashi mbili. Nilipompigia tena, akaniambia niwashe mashine kwa kerneli ya zamani. Menyu ya kuwashia ilikuwa bado imeiweka, na mimi sikujua hata kama ipo. Nikafanya kazi humo siku mbili nzima bila tatizo. Kwa hiyo haikuwa skrini wala betri, na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo tayari nilikuwa nimeiacha ipimwe na programu ya Memtest86+ usiku kucha, haikuwa na kosa lolote. Ningeweza kubaki kwenye kerneli ile ya zamani. Lakini mashine mpya isiyoweza kusasishwa ni mashine isiyozibwa matundu ya usalama, na mimi nilitaka kujua kilichoiua.

Nikarudi kwenye kerneli mpya na kuanza kusoma logi, yaani rekodi ambazo mashine hujiandikia. Hapo ndipo nilipopotea kwa muda mrefu. Amri ya journalctl -b -1 huonyesha yaliyotokea katika kipindi kilichotangulia, tangu mashine ilipowashwa mpaka ilipozimika, nami nilitegemea kukuta mistari ya mwisho ikipiga kelele. Hakuna. Mstari wa mwisho ulihusu mtandao wa wayalesi, jambo la kawaida kabisa, kisha kimya. Mara zote nne ilikuwa hivyohivyo. Nilishinda siku nzima nikiutuhumu mtandao kwa sababu tu jina lake ndilo lililokuwa la mwisho kuandikwa. Nikauzima. Mashine ikafa bila mtandao, na safari hii mstari wa mwisho ulikuwa wa kitu kingine.

Jioni ile kaka akaniuliza, "Mdogo wangu, inapokufa huwa unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Nimekaa tu nafikiria sentensi."

"Je, umewahi kuifanyisha kazi nzito?"

Sikuwahi. Nikaanza kunakili faili kubwa huku na huku, saa moja, saa mbili. Feni ikapiga kelele, mashine ikapata joto, na haikuyumba hata kidogo. Nikaiacha nikaenda kuoga. Niliporudi ilikuwa imekufa.

Nilipomweleza, akanyamaza kidogo. "Logi zako zinaandikwa wapi?" akauliza.

Zinaandikwa kwenye diski. Na kama kinachoanguka ni diski yenyewe, maneno ya mwisho hayana pa kuandikwa. Bado nakumbuka nilivyosimama pale na simu sikioni wazo hilo lilipoingia. Zile logi hazikunificha kitu. Hazikuwa na karatasi.

Akanifundisha namna ya kulinasa kosa lenyewe. Ujumbe wa kerneli hukaa kwanza ndani ya RAM, na amri ya dmesg -w huutoa kwenye skrini papo hapo unapotokea. Nikatoka kwenye madirisha, nikaingia kwenye skrini tupu ya maandishi, nikaiandika amri hiyo, nikafungua skrini ya pili ya namna hiyo kwa ajili ya kujaribia amri, kisha nikakaa mikono mapajani. Nilikuwa naingojea mashine yangu ife, nayo ilichukua karibu dakika arobaini.

Mistari ikatokea kwa mkupuo. Kidhibiti cha diski kimeanguka, ulisema wa kwanza, na mbele yake tarakimu: CSTS=0xffffffff. Halafu makosa ya kusoma, makosa ya kuandika, halafu mfumo wa faili ukajifunga uwe wa kusoma tu. Nikapiga picha kwa simu upesi, mkono ukitetemeka, nikihofia skrini ingezimika.

Nikahamia skrini ya pili. Nikaandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, ikajibu kosa la kuingiza na kutoa. Nikaandika echo, amri inayorudia unachoiandikia, na neno upo, ikanirudishia upo. Nikashangaa mpaka kaka aliponieleza: echo imo ndani ya ganda lenyewe la amri, yaani programu inayopokea unachoandika, ambalo tayari limo kwenye RAM, lakini ls ni programu inayopaswa kuletwa kutoka kwenye diski, na diski haikuwapo tena. Nikaandika echo *, na majina ya mafaili machache yaliyokuwa bado yamebaki kwenye RAM yakajipanga. Mwili wa mashine ulikuwa hai, ila hauna tena ghala lake.

Na zile f nane? Kaka alizisoma kwenye picha akasema, "Hayo si majibu ya diski." Kompyuta inapouliza kifaa kisichoitika kwenye njia inayoiunganisha na diski, inachorudishiwa ni biti zote kuwa moja, na biti 32 zikiwa moja huandikwa f mara nane. Kerneli ilikuwa imeuliza hali ya diski, na hakukuwa na mtu ndani.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Kerneli 4.11 ndiyo iliyoanza kuziruhusu diski za NVMe, aina ya diski za kasi kama yangu, zijisinzishe zenyewe zikikosa kazi, kwa ngazi kadhaa za usingizi, ili kuokoa chaji. Ni jambo jema, na limo katika kanuni za NVMe. Tatizo ni kwamba diski yangu ilijinadi kuwa inaijua ngazi ya chini kabisa, kumbe ikishuka huko, mara moja moja inashindwa kuamka. Ndiyo maana kazi nzito haikuiangusha: haikupata nafasi ya kulala.

Dawa yake ilikuwa kipande kimoja cha maandishi kwenye mipangilio ya kuwashia: nvme_core.default_ps_max_latency_us=5500. Maana yake, usiingie usingizi ambao kuingia na kuamka kwake kunachukua zaidi ya mikrosekunde 5,500. Kwa diski yangu ngazi ya chini kabisa ilivuka hapo, zile za juu yake hazikuvuka. Nikahifadhi, nikawasha upya.

Niliandika pia taarifa kwa watengenezaji wa kerneli, nikaeleza modeli ya diski na toleo la programu yake ya ndani, maana ndani ya msimbo wao ipo orodha ya vifaa vinavyohitaji kushughulikiwa kwa namna yake. Niliiandika polepole, nikairudia mara tatu, nikiwaza mtu mwingine mahali fulani anayeupima mtandao wake bure.

Usiku ule sikuifunga mashine. Niliiacha mezani, imewaka, haina kazi yoyote, nikalala nusu usingizi. Alfajiri nikaenda kuitazama kabla sijanawa uso. Nikaandika ls, na majina ya faili zangu yote yakatokea. Nikaandika uptime, amri inayoonyesha mashine imewaka kwa muda gani: saa nane na dakika kumi na moja.

Nikampigia kaka. Sauti yake ilikuwa bado ya usingizini.

"Imeamka?"

"Imeamka, kaka."

"Haya. Rudi kwenye sura yako ya tatu."

Nikaifungua, nikaanza kuziandika upya zile aya mbili.