Harufu ya Dagaa

Jana jirani alikaanga dagaa, nikashtukia nimeshainama nyuma ya kabati, nanusa soketi. Mke wangu alinitazama tu. Anajua.

Ilikuwa Julai, Uyole, baridi ya kung'ata masikio. Bibi alikuwa amepanda kutoka Tukuyu kuja kutibiwa miguu, nami nikamnunulia hita ya wati 2,000. Waya wake haukufika kitandani. Nikaenda Mwanjelwa, nikarudi na waya wa mita tatu na konekta nyeupe ya plastiki ya kuungia nyaya. Nikaunga mwenyewe, nikazungushia tepu, nikausukuma mvunguni. "Asante, mume wangu," Bibi akasema, viganja vikiwa motoni.

Saa saba usiku akaniita. "Nani anakaanga dagaa saa hizi?"

Nikamwambia ni majirani, alale. Nami nikarudi kulala. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Aliponiita mara ya pili nilichukua tochi. Harufu ya dagaa ilitoka mvunguni: tepu ilikuwa imelainika kama nta, konekta imegeuka rangi ya chai, na ncha ya blanketi ilining'inia vidole viwili tu kutoka pale. Nikachomoa plagi.

Asubuhi fundi aliisugua konekta kwa kidole gumba, akaigeuzia dirishani. "Soma hapa, kijana." Maandishi yalikuwa madogo kama punje za ulezi: 5A, yaani mwisho ampea tano. Akanipigia hesabu: wati 2,000 gawa kwa volti 230, karibu ampea tisa. "Hii ungefungia taa, tena ndani ya boksi lake. Siyo waya wa kuvutwavutwa mvunguni."

Kisha akauona waya wa kijani na njano. Konekta ilikuwa na njia mbili tu, kwa hiyo huo wa tatu, wa ethi, unaomkinga mtu bati likishika umeme, nilikuwa nimeukunja pembeni. Fundi aliushika akanyamaza. Akaitazama hita, bati tupu kuanzia juu hadi chini, kisha akamtazama Bibi, ambaye usiku kucha alikuwa akiisogeza kwa mkono. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alitoa maungio yote, akaweka waya mmoja mnene, mzima, kutoka kwenye hita hadi kwenye plagi.

Konekta ile ninayo bado, kwenye kopo la misumari. Bibi anaamini majirani zetu wa Uyole hukaanga dagaa usiku wa manane. Kila nikienda Tukuyu napanga njiani jinsi ya kumwambia. Nikifika ananiita mume wangu, nami namkabidhi sukari yake.