Karafuu, jua la siku tano na mnunuzi mmoja

Ukitaka kujua kama karafuu za dukani ni nzima, ibonyeze moja kichwani kwa ukucha. Ikitoa mafuta na harufu ikakupanda puani, nunua. Ukibaki na shaka, tia chache kwenye glasi ya maji: nzima huzama au husimama wima, zilizokwisha kukamuliwa mafuta huelea ubavu. Hizo za ubavu zimeuzwa mara mbili, kwanza mafuta, kisha kumbi.

Ubora wenyewe huanzia mtini. Karafuu ni tumba, na huchumwa linapoacha ukijani na kuanza wekundu, kabla halijafunguka. Ukichelewa siku chache ua linachanua, kichwa kinapukutika, unabaki na mguu mtupu. Tumba haziivi pamoja, kwa hiyo mti mmoja hukwewa zaidi ya mara moja kwa msimu, na tawi la mkarafuu huvunjika ghafla bila kupinda kwanza. Kukata tawi zima ili kuchumia chini ni kula mtaji.

Siku hiyohiyo karafuu huchambuliwa kwa mkono. Makonyo, yaani vikonyo vinavyoshika tumba, hayatupwi: yana mafuta kiasi cha asilimia 5 au 6, dhidi ya 15 hadi 20 ya tumba kavu, na Pemba yana kiwanda chake pale Wawi. Kisha ni jamvi na jua. Zikitandazwa tabaka jembamba na kugeuzwa mara kwa mara, siku 4 au 5 zinatosha, na kilo 3 mbichi hurudi kama kilo 1. Karafuu iliyokauka ina mguu wa kahawia iliyokoza na kichwa kilichopoa rangi kidogo. Ukiipinda hukatika tak! Ikipinda tu, irudishe juani.

Hasara hutokea mvua inaposhuka ghafla. Mtu anazikusanya mbichi lundo moja, anafunika turubai, analala. Lundo linapata joto, karafuu zinachacha, asubuhi zimesinyaa na kupauka. Jua la kesho litazikausha, lakini mafuta hayarudi. Heri kuzitandaza sebuleni watu wapite kwa kuruka. Barabara ya lami nayo hukausha upesi, ila karafuu hunyonya harufu ya kila kinachopita.

Jasho lote hilo huishia kwenye mizani ya mnunuzi mmoja, na habari ya mnunuzi mmoja ni ya kale kuliko mikarafuu yetu. Mti huu asili yake ni Ternate, Tidore na visiwa jirani vya Maluku, Indonesia ya leo. Karne ya 17 kampuni ya Waholanzi, VOC, iliamua ubaki Ambon na visiwa vilivyo karibu nayo tu. Kwingine ulikatwa, na misafara ya mitumbwi mikubwa ikatumwa kuhakikisha. Bei ililindwa kwa shoka. Mwaka 1770 hivi, Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha miche kutoroshwa hadi Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mkarafuu ukafika Unguja, ambako mashamba yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikuumia hivyo, na mpaka leo ndiko karafuu nyingi zinakotoka.

Waingereza walianzisha chama cha wakulima wa karafuu, na 1937 wakakipa mamlaka juu ya biashara ya kuuza nje. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, India ikasusa karafuu za Zanzibar, na 1938 ikabidi wakae wakubaliane. Tangu 1968 mnunuzi ni ZSTC, shirika la serikali.

Bei ya Mombasa ikipanda juu ya ile ya kituo cha kununulia, magunia hushuka pwani usiku na mashua huvuka. Serikali huita magendo. Waholanzi nao waliita hivyohivyo.